Nani Anayesema "Mimi" Katika Hadithi?



Juma lililopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na mazungumzo yetu juu ya matumizi ya methali katika barua. Naomba radhi. Ahadi hiyo itangoja kidogo, kwa sababu nimepokea barua ambayo yenyewe haiwezi kungoja. Imetoka kwa mama mmoja wa Buyenzi, hapa mjini Bujumbura, muuza vitenge, ambaye ameniomba nisitaje jina lake, wala mtaa wake, wala shule anayosoma bintiye. Nimetii. Tena nimebadilisha mambo mawili matatu madogo ili jirani mwenye macho makali asije akamtambua binti huyo.

Mama anasema kwamba bintiye ana umri wa miaka 15 na yuko darasa la tisa. Kila Jumamosi yeye huupekua mfuko wa shule wa binti huyo, atazame kama kuna karatasi za michango ambazo mtoto amesahau kuzitoa. Jumamosi moja alikuta humo daftari asilolijua. Akalifungua. Ukurasa wa kwanza ulianza hivi: "Mimi niliondoka nyumbani kwa mama yangu usiku wa mvua, na sikuaga." Mama akaketi chini, akasoma kurasa zote kumi na moja. Ni habari ya msichana anayepanda basi la alfajiri liendalo Nyanza-Lac, akiwa ameacha barua chini ya jiko la makaa. Ndani ya basi anamkumbuka mama yake, muuza ndagala, aliyekuwa na desturi ya kurudi kutoka sokoni na kuhesabu fedha kwanza kabla ya kuitikia salamu ya mtoto. Hadithi inakatika basi likiwa bado njiani.

"Mwalimu," ameniandikia mama huyo, "nimekosa usingizi siku nne. Nimpeleke kwa mjomba wake kabla hajatoroka, au nilichome moto daftari hilo na kumtoa shule?" Kisha ameongeza ombi la pili. Nyuma ya daftari hilohilo binti amenakili swali la mwalimu wake, nalo linasema: Eleza maana ya msimulizi, wahusika, mandhari, msuko na dhamira. "Maneno haya siyajui," asema mama, "nami niliachia shule darasa la nne. Je, ndiyo yanayowaharibu watoto wetu?"

Hapana, mama. Maneno hayo hayajamharibu mtoto yeyote. Lakini mimi ninayekuandikia nimewahi kumharibia mtoto mmoja kitu chake cha thamani, kwa sababu nilikuwa nimeyakariri maneno hayo bila kuyaelewa. Itanibidi nianze na habari hiyo, ingawa hainipendezi.

Kabla sijaingia katika kazi hii ya ofisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika. Cheti changu cha ualimu kilikuwa kipya, bado kinanukia wino. Siku moja niliwapa wanafunzi zoezi la kutunga hadithi kwa Kiswahili. Mvulana wa miaka 13, mwana wa mvuvi, aliandika kurasa mbili zilizoanza kwa maneno "Mimi ni mwizi wa taa." Alieleza jinsi alivyounyemelea mtumbwi usiku, akaichukua taa ambayo wavuvi huiwasha ziwani kuwavuta ndagala, akaifunika kwa gunia ili mwanga usionekane, lakini mwanga ukapenya katika matundu ya gunia na kumtangulia njiani mpaka mlangoni kwao. Leo nasema bila kusita kwamba hiyo ilikuwa hadithi nzuri kuliko zote nilizosahihisha katika miaka yangu minne ya ualimu. Siku ile sikuona uzuri wowote. Niliona mwizi, nikamwita baba yake.

Baba alimpiga mbele yangu. Jioni niliteremka ufukweni kuuliza ni taa ya nani iliyoibwa. Wavuvi walitazamana. Hapakuwa na taa iliyopotea, si mwezi ule wala mwaka ule. Mvulana aliendelea kuhudhuria masomo kama kawaida, na kila nilipotoa zoezi la kutunga aliniletea hadithi ya sungura na fisi, mistari kumi kamili, isiyo na kosa wala uhai.

Chuoni nilikuwa nimeulizwa msimulizi ni nani, nikajibu kwamba ni yule anayesimulia hadithi, na nikapewa alama zote. Ndiyo kusema mtu anaweza kupata alama zote na asijue kitu.

Basi tuanze na neno hilo. Mwandishi ni mtu mwenye mwili. Anakula, anadaiwa kodi ya nyumba, anaugua malaria. Msimulizi ni sauti ambayo mwandishi ameiunda ili itupe hadithi, nayo haina maisha nje ya kurasa. Sauti hiyo ikijitaja kwa "mimi" tunasema kwamba hadithi imesimuliwa katika nafsi ya kwanza. Ikiwa inawataja watu wote kwa "yeye" na "wao", bila yenyewe kuwamo katika mambo yanayotokea, hiyo ni nafsi ya tatu. Wako wasimulizi wa nafsi ya tatu wajuao kila kitu, hata siri zilizomo moyoni mwa kila mtu. Na wako wengine wanaomfuata mtu mmoja tu.

Sisi watumishi wa ofisini tungepaswa kulielewa jambo hili kabla ya watu wengine. Mara ngapi nimeandika barua ya mkubwa wangu yenye maneno "nimesikitishwa mno na ucheleweshaji huo"? Anayesema "mimi" katika barua hiyo amesikitika. Mimi niliyeiandika nilikuwa natafuna karanga. Wala hakuna aliyewahi kuniita mwongo kwa ajili hiyo, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba barua ina sauti yake na karani ana yake.

Kwa mwenye shaka uko mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania aliyezaliwa katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1944, alitoa riwaya iitwayo Kichwamaji. Anayesimulia ni kijana msomi aitwaye Kazimoto, naye husema "mimi" katika riwaya hiyo. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu. Mwandishi naye alikuwa msomi wa chuo kikuu. Kazimoto anahangaishwa na maswali juu ya maana ya maisha. Mwandishi naye maswali hayo yalimshughulisha katika vitabu vyake vingi. Msomaji asiye mwangalifu angesema kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Lakini mwishoni mwa riwaya Kazimoto anajiua. Na Kezilahabi aliendelea kuishi, akaandika Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, akaandika Gamba la Nyoka mwaka 1979, akaandika Nagona na Mzingile miaka ya 1990 na 1991, akafundisha vyuo vikuu, akafariki mwaka 2020. Mtu hawezi kujiua mwaka 1974 kisha akaandika vitabu vingine vinne. Kwa hiyo basi, aliyejiua ni msimulizi.

Mama, tayari waona ninakoelekea. Aliyepanda basi la Nyanza-Lac ni msimulizi. Binti yako wakati huo alikuwa ameketi mahali fulani, pengine kitandani, akitafuna ncha ya kalamu.

Lakini mwandishi hachagui "mimi" bure. Nafsi ya kwanza humsogeza msomaji karibu. Huoni mtu akiondoka, bali waondoka naye, na miguu yako inalowa kwa mvua ileile. Ndiyo maana wewe uliketi chini. Hata hivyo, nafsi hiyo ina upungufu mmoja mkubwa: yule "mimi" anajua yale tu aliyoyaona na kuyasikia. Aliyemo ndani ya basi hawezi kujua mama yake anafanya nini nyumbani saa ile. Anajua kwamba mama huhesabu fedha kabla ya kuitikia salamu. Kwa nini mama huhesabu, hilo hajui. Nakuomba ulishike jambo hili; nitalirudia.

Tuje kwa wahusika, yaani watu waliomo ndani ya hadithi, au wanyama kama hadithi ni ya sungura. Yule ambaye mambo mengi yanamzunguka huitwa mhusika mkuu, na wengine ni wahusika wasaidizi. Walimu hupenda pia kutofautisha mhusika bapa, ambaye ana tabia moja tu tangu mwanzo mpaka mwisho kama fisi mlafi wa ngano zetu, na mhusika duara, ambaye ana pande nyingi na huweza kubadilika. Sitakawia hapo. Ila nataka kukuonyesha kitu katika zile kurasa tatu ulizoninakilia.

Umelalamika kwa uchungu kwamba binti amekupa kilema. "Ameniandika nachechemea," umesema, "nami ni mzima wa miguu yote miwili!" Tena amekufanya muuza ndagala, na hali wewe ni muuza vitenge. Mama, hayo si matusi. Hiyo ndiyo kazi ya kuunda mhusika. Mtoto alihitaji mama wa kuweka katika hadithi yake; akachukua alichokuwa nacho nyumbani, kisha akabadilisha mguu, akabadilisha biashara, mpaka akapatikana mama mwingine ambaye si wewe. Angekusudia kukusema wewe angeliacha kitenge begani na mguu ukabaki mzima.

Tena tazama ukurasa wa saba. Umeunakili wote, ukaupita bila neno. Msimulizi anakumbuka usiku mmoja alipojifanya amelala. Mama yake akaja akichechemea gizani, akavua kitenge alichojifunga, akamfunika nacho miguu, akasimama hapo kwa muda mrefu. Mhusika bapa hafanyi hivyo. Kama binti angetaka kutunga mama mbaya, mbaya tu, ukurasa huo usingekuwamo. Amekusudia mama aliye duara, naye ameweza, katika umri ambao mimi nilikuwa sijui hata kuweka nukta mahali pake.

Mandhari ni mahali na wakati ambapo mambo ya hadithi yanatukia. Neno ni jepesi, na kwa sababu ni jepesi wanafunzi wengi huliharakisha. Huandika "mandhari ni kijijini" wakaenda zao. Lakini mandhari hufanya kazi. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliijenga nchi inayoelea angani, ambamo mtu aitwaye Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na Majivuno, naye anajitetea kwa kueleza siku baada ya siku habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote na namna walivyolipwa mabaya kwa huduma yao. Nchi ya angani haina mpaka na nchi yoyote ya ardhini. Kwa hiyo hakuna mtawala awezaye kuinuka na kusema kwamba ametukanwa yeye. Kitabu hicho kilitoka Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza, na wasomaji wengi wanaona kwamba umbali wa nchi hiyo ulikuwa ngao ya mwandishi. Shafi Adam Shafi alichagua njia iliyo kinyume. Kuli, riwaya yake ya mwaka 1979, imekanyaga ardhi kwa miguu miwili: ni Unguja, ni bandarini, ni miongoni mwa wapagazi, na mgomo unaoelezwa humo ni mgomo uliotukia kweli mwaka 1948. Humo mwandishi anataka msomaji apajue mahali na aukumbuke mwaka.

Binti yako amechagua basi. Sijui kama alifikiri sana kabla ya kulichagua, lakini basi ni mahali pa ajabu kwa hadithi ya namna hiyo. Abiria hayuko nyumbani wala hajafika aendako. Hawezi kurudi mpaka dereva asimame. Ana saa kadhaa ambazo hana la kufanya ila kukumbuka, na dirishani upande mmoja ni ziwa na upande mwingine ni milima.

Sasa msuko. Wengine husema ploti, na mwalimu wa binti yako akisema ploti usishangae; ni kitu kilekile. Nikisema, "Mvua ilinyesha, kisha ukuta ukaanguka," nimetaja matukio mawili yaliyofuatana. Nikisema, "Mvua ilinyesha, kisha ukuta ukaanguka, kwa maana fundi alikuwa ameuza nusu ya saruji," hapo nimeanza kusuka. Msuko ni jinsi matukio yanavyoshikamana kwa sababu na matokeo, na jinsi mwandishi anavyoyapanga ili tuyapokee. Jina lenyewe linatukumbusha mkeka: ukindu mmoja hupita chini ya mwingine, hupotea, halafu hutokea mbele.

Mpangilio huo si lazima ufuate kalenda. Mwangalie Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, maiti inaonekana kwanza, na kazi yote ya kitabu ni kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ijulikane nani aliua na kwa sababu gani. Kwa hesabu ya kalenda kifo ni mwisho wa mambo. Kwa hesabu ya msuko kifo ni mlango wa kuingilia. Binti yako naye ameanza na kuondoka, kisha ndani ya basi anaturudisha siku za nyuma. Kurudi huko darasani huitwa kisengere nyuma, au mbinu rejeshi. Kwa hiyo usikasirike kwamba ameanza na jambo baya kabla ya kueleza mema uliyomtendea. Mema yako katika ukurasa wa saba, alikuwa anayajia.

Humo ndani ya msuko mna mgogoro, yaani mvutano baina ya mhusika na mtu mwingine, au baina yake na jamii, au baina yake na nafsi yake mwenyewe. Mna taharuki, ile hamu inayokuzuia kufunika kitabu ingawa wali unaungua. Na mna kilele, mahali ambapo mvutano umefika juu kabisa na ni lazima kitu kikatike. Hadithi ya binti ina mgogoro, ina taharuki; kilele haina bado. Kumbuka kwamba haijaisha. Wewe umeihukumu kesi kabla shahidi wa mwisho hajaitwa.

Nimefika kwenye dhamira, na hapa naomba subira yako, kwa sababu ndipo watu wazima wenye vyeo na elimu huteleza vibaya kuliko watoto. Dhamira ni lile jambo kuu ambalo hadithi inalishughulikia na kutaka tulifikiri. Ukikusanya dhamira zote za kitabu, pamoja na ujumbe na mtazamo wa mwandishi, unapata maudhui. Na ile namna ya kuyaeleza, yaani msuko, wahusika, mandhari na lugha, huitwa fani. Dhamira haiko katika sentensi moja uwezayo kuipigia mstari. Wala haifanani na tukio. Tukio likiwa ovu haina maana kwamba hadithi inafundisha uovu.

Narudi kwa Kezilahabi. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Inamhusu msichana wa kijiji cha Namagondo huko Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Baba yake, Zakaria, anampiga kwa ajili ya barua aliyoandikiwa na mvulana, tena anamlinda asizungumze na mvulana yeyote. Rosa anapokwenda kusoma mbali na macho ya baba, hajui namna ya kujiongoza. Anapotea, na mwisho anajiua. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Wakubwa waliona msichana anayefanya uasherati, wakasema kwamba kitabu kinafundisha uasherati. Baada ya miaka ikaruhusiwa, na ikaja kusomwa darasani na wanafunzi walewale ambao walikuwa wakilindwa nayo. Waliokipiga marufuku walikuwa wameyaona matukio. Dhamira haikuonekana, nayo ilikuwa ikiwatazama wazazi: malezi ya fimbo na kufungiwa yanamwandaa mtoto kwa nini?

Siwacheki wakubwa hao. Nimekwisha kukuambia habari ya taa.

Tuitafute basi dhamira ya hadithi ya binti yako. Ukiuliza kilichotukia, jibu ni kwamba msichana ametoroka. Ukiuliza dhamira, inabidi utazame jinsi vitu vilivyopangwa. Msichana ameacha barua. Ameiacha wapi? Chini ya jiko la makaa. Na nani huligusa jiko hilo kwanza kila siku? Ukurasa wa pili unasema: mama, kabla ya adhana ya alfajiri. Mtu asiyetaka kutafutwa haachi barua mahali ambapo itaonekana kabla basi halijavuka mtaa wa pili. Mimi, nikiisoma hadithi hiyo kama ambavyo ningepaswa kusoma habari ya taa, naona kwamba haizungumzii kutoroka. Inazungumzia mtoto anayetaka kuitikiwa salamu yake.

Na daftari lenyewe, mama, lilikuwa wapi? Katika mfuko ambao, kwa maneno yako mwenyewe, unaupekua kila Jumamosi. Huenda ni bahati tu. Watoto husahau madaftari mahali popote. Nakutajia tu kwamba jiko na mfuko vimenishughulisha akili tangu nilipoipokea barua yako.

Hapa lazima niwe mwangalifu, nisije nikaonekana kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Nimesema kwamba msimulizi si mwandishi. Sikusema kwamba mwandishi hatii chochote chake katika hadithi. Kezilahabi aliichukua Namagondo yake mwenyewe akaitia katika riwaya, ingawa yeye hakuwa Rosa. Mvulana wangu hakuiba taa, lakini ni hakika kwamba usiku mwingi alikuwa ameitazama taa ya baba yake ikielea ziwani. Mpishi huazima moto kwa jirani. Chakula ni chake. Wewe mwenyewe umekiri, katika mstari mdogo ulioubana pembeni mwa karatasi, kwamba "hilo la kuhesabu fedha ni kweli, maana tarehe moja mwenye nyumba huja." Basi hilo ndilo alilolichukua kwako bila kulibadilisha. Mguu aliubadilisha, biashara aliibadilisha. Kuhesabu alikuacha kama kulivyo. Nilikuomba ushike jambo moja, kwamba msimulizi wa nafsi ya kwanza hajui asichokiona. Mwenye nyumba hayumo katika hadithi. Hakuna ukurasa wowote unaotaja kodi. Nadhani mtoto hajui.

Sasa maswali yako. Usimtoe shule. Usilichome daftari. Kwa mjomba asipelekwe kwa ajili ya hadithi. Kama ungeniambia kwamba nguo zake zimepungua sandukuni, kwamba hali chakula, kwamba kuna mtu mzima asiyemjua mtu anayemngoja njiani, ningekujibu kwa namna nyingine, na ningekusihi uzungumze na binti mwenyewe siku hiyohiyo bila kupitia kwenye daftari lolote. Dalili za namna hiyo hukuzitaja. Umetaja kwamba anakwenda shule, anakusaidia kufunga mizigo ya vitenge, na usiku anaandika.

Kwa lile swali la mwalimu wake, mpe jibu hili kama atakuomba msaada, ingawa nashuku kwamba analijua kuliko mimi na wewe: msimulizi wake ni "mimi" wa nafsi ya kwanza, wahusika wake ni msichana na mama achechemeaye, mandhari yake ni basi, alfajiri, katika mvua, msuko wake huanza na safari na kurudi nyuma, dhamira amwachie msomaji.

Utalazimika kumwambia kwamba umelisoma. Mtoto atachukia, na ana haki. Chagua jioni ambayo fedha umezihesabu umekwisha, au afadhali ambayo hujazihesabu bado, na mfuko wa fedha uuweke chini ya kitanda usionekane. Usimwulize, "Kwa nini unataka kunikimbia?" Hilo ni swali la taa. Mwulize swali la msomaji, kama ambavyo ungemwuliza mwandishi yeyote aliyekukatia hadithi njiani: yule mama anayechechemea, akiinama asubuhi kuwasha jiko na kuiona barua, anafanya nini? Akikujibu kwamba bado hajaamua, mwambie kwamba unangoja kurasa zinazofuata. Na kama ataniruhusu, nami nangoja.